Damareta na Duara la Mwanawe

Damareta, mke wa Zopiro msokota kamba, hakuwahi kulala mchana maisha yake yote. Alisema mtu akilala mchana hajui kilichoingia nyumbani wala kilichotoka. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imekauka kwa kufua, na macho yake hayakutulia: yakitoka kwenye chungu yanakwenda mlangoni, yakitoka mlangoni yanarudi kwenye chungu. Maziwa aliyaonja kabla ya kila mtu. Mgeni akiingia na paji la uso linang'aa, Damareta alikwisha kulishika kwa kiganja kabla hata ya kumkaribisha.

Alizaa wanne. Wawili aliwazika kabla hawajaota meno. Binti aliolewa Leontini, akawa mtu wa kuonekana sikukuu hadi sikukuu. Aliyebaki naye nyumbani kwao Akradina, mjini Sirakusa, ni Leptini peke yake, kijana mrefu mwembamba ambaye ndevu ndiyo kwanza zilikuwa zinamtafuta. Majirani walimcheka.

"Mama Leptini," Mirtale wa nyumba ya pili alimwambia, "huyo mwanao hata akienda chooni utamfuata."

"Jana nilimfuata. Alikawia."

Damareta shule hakwenda. Marehemu baba yake alimfundisha herufi za kutosha kusoma jina lililokwaruzwa kwenye mtungi wa mvinyo, basi. Uso wa mtu ndio aliousoma bila kufundishwa, na uso wa Leptini alikuwa ameusoma tangu siku ya kwanza.

Leptini alikuwa amepangiwa kamba. Baba yake alikuwa na uwanja nyuma ya gati, mahali zinaposokotwa kamba za meli, na siku moja uwanja huo ungekuwa wake. Lakini kijana akaanza kupitia Ortigia, kwenye baraza yenye nguzo iliyo karibu na chemchemi ya Arethusa, ambako wenye nafasi zao hukaa wakachora kwenye vumbi na kubishana. Mwanzo alirudi na vumbi magotini. Baadaye akaanza kurudi bila hamu ya kula. Unamwekea mkate, anaushika, anautazama, anaurudisha. Damareta akadhani ni msichana. Akachunguza. Akakuta ni duara.

"Heri angekuwa msichana," alimlalamikia Mirtale. "Msichana ningekwenda kwao."

Mwaka ule alikuwapo mjini mwalimu wa Aleksandria, Kalistrato, mzee wa nyusi nene aliyekuja kumzika dada yake akakwamishwa na majira ya baridi. Meli zikianza kwenda tena, alisema, angerudi na kijana mmoja wa Sirakusa, amlishe na kumfundisha. Sharti lake lilikuwa moja. Kijana asimame mbele ya watu athibitishe jambo moja, mwanzo hadi mwisho, bila tundu. Leptini aliomba kusimama na duara.

Jambo lenyewe halikuwa jipya. Mkubwa mmoja wa mji uleule alikwisha kulimaliza, na vijana walilijua kwa kusikia. Chukua duara lolote. Kisha chora pembetatu yenye kona ya mraba, upande mmoja wa kona uwe sawa na umbali wa kutoka kitovu cha duara hadi ukingoni, na upande wa pili uwe sawa na mzingo mzima ulionyooshwa. Eneo la pembetatu hiyo na eneo la duara ni sawa, hakuna kilichozidi hata kwa unywele. Kulisema ni rahisi. Kazi ni kulisimamisha mwenyewe, mbele ya mtu anayekubishia.

Damareta aliyajua haya yote kwa kusikiliza nyuma ya pazia. Alijua pia kwamba Aleksandria ni ng'ambo ya bahari yote, na kwamba mtoto wa mtu akifika huko hupata marafiki, hupata mke, hupata homa. Akaoka mkate wa asali na ufuta, akaupeleka kwenye hekalu la miungu ya kike, Mama na Binti, ambako wanawake wa Sirakusa hupeleka mambo yao. Alipofika madhabahuni hakujua aombe nini. Aombe mwanawe ashinde, au aombe abaki? Akauweka mkate, akasema, "Ninyi mnajua," akarudi nyumbani.

Asubuhi moja alimkuta Leptini uani amepiga magoti. Alikuwa ameuzungusha ugwe mpya wa baba yake chini, duru nje ya duru, kutoka kitovuni hadi ukingoni, umebanana kama kitanga cha kuanikia. Mkononi ana kisu.

"Leptini. Huo ugwe una mwenyewe."

"Tazama tu, mama."

Akakata kwa mstari mmoja, toka ukingoni hadi kitovuni. Kisha akazinyoosha zile duru moja moja, ndefu kuliko zote chini, inayofuata juu yake, na inayofuata, hadi kile kipande cha katikati kisichozidi ukucha, na ncha za upande mmoja akazipanga sawa kama ukuta. Mbele ya macho ya Damareta duara likafunguka, likalala chini, likawa pembetatu.

"Ee! Kumbe ndivyo!" Alifurahi kweli. "Si umekwisha maliza? Nenda kamwonyeshe."

Leptini akatikisa kichwa. "Hii ni ya kumfurahisha mtu, mama. Siyo uthibitisho. Tazama ukingo wa huku, una ngazi. Ugwe una unene. Nikichukua mwembamba zaidi, ngazi zitakuwa ndogo, lakini zitakuwepo. Kalistrato ataniuliza ngazi zimekwenda wapi."

"Mwambie hazionekani."

"Mama!"

Zopiro akaingia wakati huo, kifua wazi, nyuzi zimemganda kwenye ndevu. Akatazama chini.

"Nani kaukata ugwe wangu kama mboga?"

"Ni pembetatu, baba."

"Ni hasara, mwanangu. Nahodha wa Mesana atafungia tanga lake kwa pembetatu?"

Akaviokota vipande huku akinung'unika, lakini Damareta aliona kwamba kabla ya kuviokota alisimama akavitazama.

Kwa watu wa baraza, mtu hathibitishi jambo mbele ya ukuta. Lazima awepo mbishi. Kila hatua unamuuliza, akubali au akatae, na akikataa huendi mbele. Mbishi wa Leptini alikuwa rafiki yake Sopatro, lakini Sopatro alivimba taya kwa jino bovu, hasemi wala hacheki. Ndiyo maana siku moja Damareta, akiwa anachagua mawe kwenye dengu, aliletewa ubao wa vumbi mbele yake.

"Mimi najua kubisha nini?"

"Si unabisha kila siku?"

"Na baba yako. Na duara sijawahi."

"Duara ni afadhali. Halipigi kelele." Leptini akachora. "Mimi nasema duara na pembetatu ni sawa. Wewe hukubali. Kama si sawa, basi duara ama ni kubwa zaidi, ama ni dogo zaidi. Chagua moja."

Damareta akarudi kwenye dengu zake. Kwao neno baya huitwa na ulimi, na mdomo wake haukuzoea kusema jambo lisilokuwepo.

"Nikisema ni kubwa, si nitakuwa nimesema uongo?"

"Ndiyo, useme. Tunauacha uongo utembee tuone utajikwaa wapi."

"Kumbe. Ndivyo nilivyokufanyia ulipokula asali. Nikakwambia, haya, tuseme aliyekula ni paka, sasa paka alifunguaje kizibo?" Akachukua dengu moja, akaiweka ubaoni. "Haya basi. Duara ni kubwa. Limezidi kwa punje hii."

Leptini akachora mraba ndani ya duara, kona zake zikigusa ukingo. Pembeni yakabaki mabaki manne, kama maganda ya tikiti.

"Maganda haya ni makubwa kuliko punje yako?"

"Makubwa sana."

Juu ya kila upande wa mraba akaweka kona nyingine, umbo likawa la pande nane. Maganda yakapungua zaidi ya nusu. Akafanya tena, likawa la pande kumi na sita, na mabaki yakawa membamba kama mwezi unaoandama.

"Nikiendelea hivi, itafika mahali maganda yote kwa pamoja ni madogo kuliko punje yako. Unakubali?"

"Punje yangu ni ndogo."

"Iwe ndogo utakavyo. Kitu kinachopunguzwa zaidi ya nusu kila mara, hakuna punje itakayokikimbia."

Damareta aliwaza unga kwenye pipa wakati wa njaa. Akakubali.

"Basi duara limezidi pembetatu kwa punje nzima, na umbo langu limepungukiwa na duara kwa chini ya punje. Kwa hiyo umbo langu nalo limeizidi pembetatu."

"Ngoja kwanza." Akafumba macho. "Mirtale amenizidi urefu kwa kiganja. Binti yake amepungukiwa naye kwa kidole. Basi binti naye amenizidi mimi. Haya, endelea."

"Sasa tulipime umbo lenyewe. Toka kitovuni hadi kwenye ubavu wake, ni mbali kuliko toka kitovuni hadi ukingo wa duara?"

"Karibu. Ubavu uko ndani, haujafika ukingoni."

"Na mbavu zake zote ukizinyoosha, ni ndefu kuliko mzingo wa duara?"

"Fupi. Anayekata njia hufika mapema."

"Basi umbo langu, ukilikata vipembetatu toka kitovuni ukavipanga pamoja, ni sawa na pembetatu iliyo fupi zaidi na nyembamba zaidi kuliko ile yetu. Ni dogo kuliko pembetatu."

"Si umesema sasa hivi ni kubwa kuliko pembetatu?"

"Nani kasema?"

"Wewe! Yaani mimi. Mimi niliyesema duara limezidi." Akaitazama ile punje kama mtu anayemtazama mwizi wake. Akaichukua akaitupa kwenye bakuli. "Haya. Si kubwa."

Leptini akacheka. Tangu baridi ianze hakuwa amecheka hivyo, na Damareta akacheka naye.

"Bado upande mmoja. Sema ni dogo."

"Ni dogo."

Sasa Leptini alikwenda mbio. Akachora umbo la kulizunguka duara kwa nje, likiligusa kila ubavu. Nalikata kona, akasema, nalikata tena, mpaka linabaki limelizidi duara kwa chini ya punje yako, kwa hiyo ni dogo kuliko pembetatu. Lakini toka kitovuni hadi ubavuni ni sawasawa na kwa duara, na mzingo wake ni mrefu kuliko wa duara, kwa hiyo ni kubwa kuliko pembetatu. Haliwezi kuwa yote mawili. Basi duara si kubwa, si dogo. Ni sawa.

Aliyasema vizuri, kama maji. Ila alipofika pale pa mzingo kuwa mrefu kuliko wa duara, mkono wake wa kushoto ulipanda ukabana ndewe ya sikio.

Damareta aliuona. Mkono ule aliujua tangu enzi za asali. Aliujua siku Leptini aliposema hakwenda kuchezea machimboni na vumbi jeupe limejaa kwenye nyusi. Mdomo wa mwanawe uliweza kudanganya, mkono ule haukuweza. Basi kuna tundu. Ni tundu gani hakulijua. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi, mshipi unaozunguka nje ya mshipi mwingine utakosaje kuwa mrefu? Lakini Leptini alijua kwamba kuna tundu, na alikuwa anakwenda nalo mbele ya Kalistrato akiwa amelifunika kwa mwendo wa haraka.

Akainamia dengu zake. "Vizuri, mwanangu," akasema.

Jambo hilo akakaa nalo kifuani. Lilimfuata kisimani, lilimfuata kwenye mtande wa kufumia. Mwisho akamwambia mumewe, akiwa anamsugua mafuta mgongoni.

"Umeona sikio?" Zopiro akauliza. "Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

Zopiro akasema, "Wewe si ndiye unayelia kila siku kwamba atakufa na homa za Aleksandria? Basi nyamaza. Yule mzee atalivumbua hilo tundu, kijana atarudi kwenye kamba, hujamwambia mtu neno baya wala zuri. Umepewa mkononi, mama Leptini. Unataka nini tena?"

Damareta alihisi furaha ikimpanda, nzito na ya moto, kama mvinyo usiotiwa maji. Abaki. Atabaki. Papo hapo akaiogopa furaha hiyo. Mama gani hufurahia tundu la mwanawe?

Siku ya siku ikafika. Leptini alikula amesimama, nywele kazipaka mafuta, joho jeupe begani. Damareta alimwekea mkate wa shayiri na kipande cha jodari wa chumvi.

"Mama," akasema huku anatafuna, "wewe ulinibishia. Kuna mahali ulipaona pamelegea?"

Neno moja tu lilihitajika. Damareta alilishika kabisa ulimini. Akisema hapana, kijana atakwenda, atavuliwa nguo mbele ya watu, atarudi. Na kila jioni atakaa pale mezani akiutazama ukuta, na yeye atamwekea mkate akijua aliyemvua nguo ni nani.

"Mahali pamoja," akasema. "Mzingo wa nje kuwa mrefu kuliko wa duara."

Uso wa Leptini ukabadilika. "Hilo kila mtu analijua!"

"Mimi nalijua. Wewe hulijui. Ulishika sikio."

"Sikio! Mimi nazungumza habari za duara, wewe unaniletea sikio!" Akautupa mkate. Kisha sauti ikashuka, maana hakuwa na mtu wa kumkasirikia. "Nimelitafuta miezi yote, mama. Wa ndani ninao. Huu wa nje hautoki. Kila ninapoushika unateleza."

"Kama huna, omba. Moto ukizimika kwangu, si naomba kaa kwa Mirtale?"

"Huelewi. Kuomba kupo. Kabla ya kuthibitisha, mtu husema, naomba nikubaliwe hili na lile, mambo madogo, kwamba kati ya nukta mbili unaweza kuchora mstari, na kadhalika. Lakini hapa kwetu heshima ni kuomba machache. Mwaka jana mmoja aliongeza ombi lake, mpaka leo wanamwita Bakuli, kama ombaomba. Akipita wanamtupia maharage."

"Na mwizi wanamwitaje?"

Leptini akamtazama. Akatoka bila kuaga, bila kuumaliza mkate.

Damareta akauchukua mtungi, akajifunika shela, akamfuata kwa mbali mpaka Ortigia. Pale Arethusa wanawake walikuwa wanateka maji, na kutoka pale baraza yenye nguzo inaonekana yote na kusikika nusu yake. Mirtale alikuwepo.

"Kisima cha Akradina kimekauka?" akamtania.

"Maji ya huku ni laini kwa dengu," Damareta akajibu bila kugeuza macho.

Kalistrato alikaa kwenye kigoda, fimbo mkononi. Vijana walimzunguka, na Sopatro alikuwa mbele, taya limefungwa kitambaa. Katikati lilimwagwa vumbi jeusi, na Leptini amesimama juu yake kama mtu aliyesimama ukingoni mwa bwawa.

"Duara ni kubwa zaidi," Kalistrato akasema, kwa sauti ya mtu anayebishania samaki.

Leptini akamchukua hatua kwa hatua: mraba, pande nane, maganda. Mzee alikataa mahali pawili, kijana akamrudisha. Mwisho Kalistrato akainua mkono. "Si kubwa, nakubali. Basi ni dogo."

Leptini akachora umbo la nje. Akaanza kwenda mbio. Damareta aliusikia mwendo wenyewe hata pale maneno yalipopotea kwenye mlio wa maji. "Na toka kitovuni hadi ubavuni ni sawa," Leptini akasema, "na mzingo wake..."

Mkono wa kushoto ukaanza kupanda. Ukafika kifuani, ukafika begani. Ukasimama. Leptini akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akaushusha.

"Hapa sina," akasema.

"Huna nini?"

"Sina cha kuonyesha kwamba mstari wa nje ni mrefu kuliko wa duara. Ule wa ndani umenyooka, na njia iliyonyooka ni fupi kuliko iliyopinda. Lakini huu wa nje una kona na ule una mpindo, hakuna ulionyooka wa kuupimia mwenzake. Najua kwamba ni mrefu. Kuonyesha siwezi. Naomba nipewe."

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele. Hata Sopatro, pamoja na taya lake bovu, akapaza sauti kupitia kitambaa: "Tandaza joho, ndugu yangu, tukutilie na shayiri!"

Kalistrato hakucheka. "Unaomba nini hasa? Asiyejua anachoomba hapewi."

"Naomba nikubaliwe kwamba mistari miwili ikianzia pamoja na kuishia pamoja, yote imebinuka upande mmoja, na mmoja umemkumbatia mwenzake, basi ule unaokumbatia ndio mrefu."

"Na nikikunyima?"

"Ukininyima nimethibitisha nusu. Duara si kubwa. Kama ni dogo sijui, na nitakwenda nyumbani kusokota kamba nikiwa sijui."

Mzee akachora alama ndogo kwenye vumbi kwa fimbo yake, akaifuta kwa kidole cha mguu. "Nani kakufundisha kuomba?"

"Nyumbani," Leptini akasema.

"Hm. Nakupa. Malizia."

Leptini akamalizia. Si kubwa, si dogo. Ni sawa. Mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata, wa kuchelewa wakapiga kwa nguvu zaidi.

"Nilichokupa," Kalistrato akasema wakati kelele zinatulia, "nimekitafuta mwenyewe tangu ndevu zangu nyeusi, na sijakipata. Labda ni cha kuombwa tu siku zote. Labda hakijapata mtu. Utakitafuta Aleksandria. Tunaondoka upepo ukigeuka."

Damareta katika yote hayo alisikia Aleksandria tu. Mtungi wake ulikuwa mtupu bado, na wanawake waliokuja nyuma yake walikwisha teka wakaondoka. Alifikiria: mimi ndiye niliyemtoa, kwa mdomo wangu mwenyewe, kati ya mkate na jodari. Alingoja ajute. Majuto hayakuja. Kilichokuja ni maswali, na yalikuja kwa wingi, yakisukumana kama watu mlangoni.

Akaanza kutembea kuelekea kwenye nguzo. Mirtale akamvuta shela.

"Mama Leptini! Kule ni kwa wanaume!"

"Mwanangu ni nani, kwani? Mbuzi?"

Vijana wakampisha kwa kushangaa. Akalizunguka lile vumbi ili asiliharibu, akasimama mbele ya Kalistrato, mtungi kaukumbatia kifuani.

"Mwalimu, samahani. Mimi ndiye mama yake."

Kalistrato akainuka nusu. "Una mwana hodari, mama."

"Hodari najua. Huko kwenu chakula anapika nani?"

"Yupo mpishi."

"Jina lake?"

Kalistrato akafikiri. "Jina silijui."

"Unakula mkononi mwa mtu usiyemjua jina. Haya. Huyu akichora hasikii njaa. Ukimuuliza amekula atasema ndiyo, na hakula. Mkate awekewe mkononi, na mtu asimame pale mpaka aume. Atasimama nani?"

"Mama," Leptini akanong'ona, masikio yote mawili yamewaka.

"Wewe umekwisha sema, nyamaza. Namuuliza mwalimu."

"Nitasimama mimi," Kalistrato akasema.

"Maji mnakunywa ya wapi?"

"Ya mto. Yanawekwa mtungini, tope linatua."

"Mtungi una kifuniko?"

Watu waliomwona mzee yule akiwaangusha vijana wa Sirakusa majira yote ya baridi wakamtazama sasa akikitafuta kichwani kifuniko cha mtungi wa Aleksandria. Hakukipata.

"Sina hakika, mama," akakiri.

"Basi kipatikane kabla hajafika." Akakaa kwenye ngazi ya baraza, mbele ya wanaume wote wale, akauweka mtungi kati ya miguu yake. "Keti, mwalimu. Mengine ninayo mengi. Tuanze na mahali atakapolala."

Kalistrato akaketi.